Nguzo za makaa ya mawe za London: nani alilipa?

Ukitoka London kuelekea Surrey au Hertfordshire, kando ya barabara kadhaa utaona nguzo fupi ya chuma cha kusubu. Mara nyingi imepakwa rangi nyeupe na ina ngao yenye msalaba wa Mtakatifu George na upanga mdogo pembeni, nembo ya Jiji la London, yaani serikali ya kitovu cha kale cha mji huo. Chini yake pamesubiwa maandishi "24 & 25 VICT CAP 42". Hiyo ni namba ya sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1861, enzi za Malkia Victoria. Sheria hiyo ndiyo iliyofanya nguzo hizi zisimikwe kuizunguka London, kilomita 19 hadi 29 hivi kutoka katikati. Nyingi zilitoka katika kiwanda cha Henry Grissell kwenye mfereji wa Regent, na zaidi ya 200 zipo hadi leo.

Wengi wanaoziona hudhani palikuwa na mlinzi na kizuizi. Hapakuwa na mtu. Nguzo ilikuwa tangazo: kuanzia hapa, makaa ya mawe yanayoingia yana ushuru wa Jiji, na asiseme mtu kwamba hakujua. Fedha zenyewe zilidaiwa kwingine, hasa kwa kampuni za reli na za mifereji, nazo ziliuongeza kwenye bei, na mzigo huo ukapita mkono kwa mkono hadi kwa mama aliyekuwa akiwasha jiko chumbani kwake.

Wanaousifu ushuru huu wana hoja nzito, na ni haki isikilizwe. Moto mkubwa wa 1666 uliiteketeza London, na bila ushuru wa makaa yaliyokuja kwa meli kutoka Newcastle ni vigumu kuona Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo na makanisa mengine ya msanifu majengo Christopher Wren yangejengwa kwa fedha gani. Karne mbili baadaye ushuru wa makaa ulisaidia kujenga daraja la barabara la Holborn, lililofunguliwa 1869, na ukuta wa Mto Thames wa mhandisi Joseph Bazalgette, ambao sehemu yake ya Victoria ilifunguliwa 1870 ikiwa na bomba kuu la majitaka ndani yake. Kwa mji uliokuwa umepigwa na kipindupindu mara kwa mara, hilo halikuwa jambo dogo. Tena, watetezi walisema, mwananchi haulipi kwa uchungu kama kodi ya majengo. Umo ndani ya bei, na ni mdogo kiasi kwamba haumgusi mtu.

Hapo kwenye "haumgusi mtu" ndipo inapofaa kusimama, kwa sababu hesabu ipo.

Ushuru ulikuwa peni 13 kwa tani. Tani ya Kiingereza ina magunia 20 ya kilo 50 hivi, kwa hiyo gunia moja lilibeba peni 0.65. Kwa tajiri aliyeagiza tani kadhaa kiangazi, bei ikiwa chini, na kuzihifadhi ghalani chini ya nyumba, kweli hiyo si fedha ya kumkosesha usingizi. Lakini maskini wa London hakuwa na ghala wala fedha ya gunia. Alinunua robo gunia, au chini ya hapo, kwa muuzaji wa mtaani, siku ya baridi, bei ikiwa juu. Ushuru wa robo gunia ni kama peni 0.16, na sarafu ndogo kuliko zote iliyokuwa mikononi mwa watu ilikuwa robo peni. Muuzaji angeutozaje ushuru usiofikia sarafu? Ama aubebe mwenyewe, ama aongeze robo peni nzima na kumtoza mteja wake zaidi ya kile sheria ilichotaka. Anayenunua mkaa kwa kopo Manzese, Dar es Salaam, huku jirani akishusha gunia zima, hahitaji kuelezwa muuzaji huchagua lipi.

Tuseme hata hivyo hakuna aliyezidishiwa. Familia inayochoma gunia moja kwa wiki inamaliza tani 2.6 kwa mwaka. Ushuru wake ni karibu peni 34. Sasa tazama makuli wa bandari ya London. Mwaka 1889 walikuwa wakilipwa peni 5 kwa saa au chini ya hapo, na mwezi Agosti waligoma wakidai peni 6. Peni 34 ni karibu saa 7 za kubeba mizigo, kwa watu ambao hawakuwa na hakika ya kupata kazi kila siku. Watu hao waliisimamisha bandari kubwa kuliko zote duniani kwa ajili ya nyongeza ya peni moja. Sioni ni kwa kipimo gani mtu mwingine aliweza kuwahesabia peni 13 kuwa si kitu.

Kuna jambo jingine lisilotajwa sana. Ushuru ulihesabiwa kwa uzito tu. Makaa mazuri yanayowaka vizuri na makaa duni yenye moshi na mawe yalilipa sawasawa, kwa hiyo kwa kila shilingi aliyotoa, mnunuzi wa makaa duni ndiye aliyechangia sehemu kubwa zaidi.

Na mwanzo wa sehemu ya ushuru huu unatia uchungu. Jiji lilikuwa na wajibu wa kuwatunzia mayatima wa raia wake urithi wao. Likazitumia fedha zile, likashindwa kuzirudisha. Mwaka 1694 Bunge likapitisha sheria ya kuwalipa mayatima na wadai wengine, na mojawapo ya njia za kupata fedha ikawa ushuru wa makaa ya mawe na mvinyo. Deni la wakubwa wa Jiji likahamishiwa kwa kila anayewasha moto.

Halafu kuna mpaka wenyewe. Sheria ya 1861 ilifuata eneo la Polisi ya London, karibu maili za mraba 700. Bodi iliyosimamia ujenzi wa ukuta wa Thames ilihudumia eneo la maili za mraba 117 tu. Mtu wa vijiji vya pembeni alilipia ukuta ambao huenda hakuwahi kuutembelea. Manung'uniko yalisikika, na ni haki kusema Bunge lilijibu: sehemu ya fedha ilielekezwa kuondoa tozo kwenye madaraja ya nje, Kingston mwaka 1870 na Kew mwaka 1873. Kwa mwenye kwenda kazini kwa miguu ule ulikuwa unafuu wa kweli. Lakini aliondolewa tozo ya daraja kwa fedha iliyotoka jikoni kwake.

Sheria ya 1889 iliufuta ushuru wa makaa, mwaka uleule wa mgomo, na mwaka uleule London ilipopata baraza lake la kwanza la kuchaguliwa.

Leo nguzo nyingi zinalindwa kisheria. Hata hivyo kadhaa zimesogezwa barabara zilipopanuliwa, na wapo wanaoona zingekuwa salama zaidi jumba la makumbusho, mbali na magari na kutu. Nawaelewa, kwa sababu chuma cha kusubu kikigongwa huvunjika, hakipindi. Ila nguzo iliyong'olewa inabaki kuwa chuma chenye nembo. Ikiwa mahali pake, hata katikati ya mialoni ya zamani ya msitu wa Ashtead Common, Surrey, inamwonyesha mtu mstari ulivyokwenda mbali kupita mji ulionufaika. Zibaki zilipo. Na popote kibao cha maelezo kitakapowekwa, kianze na peni 13 kwa tani, kisha ndipo kifike kwa Wren na Bazalgette.