Nywele za Kinyozi

Jamani, nimeishi Bweyale, hapa Uganda, miaka ishirini na moja bila kesi na mtu. Leo nikipita sokoni wanawake wanazifunika nywele zao. Chanzo ni embe. Embe lenyewe hata sijalila.

Mvua za Machi zilipokolea nilipanda miche kumi na minne ya miembe, ile ya kupandikizwa, shilingi elfu tano mmoja. Nikaipanga mstari, nikairudia rudia kuitazama kama bibi harusi. Wiki ya tatu naamka alfajiri, mche wa kwanza hauna kichwa. Wa pili hauna kichwa. Nikainama nikaangalia: kijiti kimechanika, nyuzi zinaning'inia kama mswaki wa mti uliotafunwa. Angekuwa sungura, angekata mshazari, safi, utadhani kisu. Huyu alikuwa mbawala. Meno ya mbele ya juu hana, basi anabana na kuvuta mpaka kitu king'oke. Marehemu babu naye hayo meno hakuwa nayo, lakini hakumaliza shamba la mtu.

Kumuua? Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 ipo, na mimi jela sina hamu nayo. Sheria hiyohiyo ina orodha ya wanyama ambao wakikuharibia unaweza kudai fidia: tembo yumo, kiboko yumo, nyati yumo. Mbawala hayumo. Yaani shamba langu lingekanyagwa na tembo, ningekuwa na fomu ya kujaza. Kwa mbawala najaza ndoo ya machozi. Na huwezi kumsema sana, maana binamu yake amesimama kwenye nembo ya taifa akitazamana na korongo. Ukoo mkubwa huo.

Nikampigia mpwa wangu aliyeko Marekani. Akacheka. Kumbe huko wanasumbuliwa na kulungu vilevile. "Mjomba, jenga uzio wa mita mbili na nusu hivi, kulungu anaruka." Mita mbili na nusu! Mlango wa nyumba yangu mwenyewe naingia nimeinama. Nikauliza bei ya waya dukani, nikajifanya naulizia misumari.

"Basi ning'iniza sabuni, Mjomba. Harufu wanaiogopa." Nikanunua sabuni ya mche, nikaikata vipande kumi na vinne, nikavifunga kwa kamba. Asubuhi vimebaki vitano. Mbawala hafui nguo, hilo najua. Ila Ijumaa ile kanzu za jirani yangu ziling'aa mpaka imamu akageuka.

Nikaingia kwenye kinyesi cha ng'ombe, unakoroga na maji, unapaka majani. Hii inasaidia, sitaki kusema uongo. Siku tatu hakugusa. Halafu mvua inanyesha, inaosha, unapaka upya. Inanyesha, unapaka. Mama Zainabu akanihamishia godoro sebuleni, akasema harufu hiyo mbawala na aiogope, yeye hakuolewa shambani.

Ndipo mpwa akataja nywele za watu. Nikaenda kwa kinyozi na gunia.

"Kijana wangu, naomba nywele."

"Za nani, Mzee?"

"Za yeyote. Zote hizo za sakafuni."

Mashine ikazimwa. Redio nayo ni kama ilisikia. Aliyekuwa kitini, upande mmoja kanyolewa na mwingine bado, alishuka polepole, akaokota nywele zake moja moja, akazifunga kwenye leso, akatoka bila kulipa. Nikaeleza: mbawala, miembe, Marekani. Kadiri nilivyoeleza ndivyo kinyozi alivyorudi nyuma. Mwisho akanisukumia gunia kwa ufagio, mkono hakutaka kuutoa.

Nyavu za vitunguu ninazo. Nikazijaza nywele, nikazitundika, mche mmoja kifuko kimoja. Kwa mbali hata mimi niliogopa. Watoto wa shule wakaanza kuzungukia njia ya kisimani.

Siku ya tatu akaja mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, na wazee wawili. Wakasimama barabarani, ndani hawakukanyaga. Nikaeleza upya, nikawaonyesha kijiti kilichochanika, nyayo za kwato mbili zilizochongoka, miche tisa iliyobaki hai. Mwenyekiti akatikisa kichwa, akaandika kitu, wakaondoka.

Jioni, baada ya magharibi, nasikia hodi ya chini chini. Ni mwenyekiti, peke yake, hana hata tochi.

"Baba Zainabu," ananong'ona, "niambie kama ndugu. Zile nywele ni za mbawala tu, au hata mpinzani wa kura zinamzuia?"

Nikamwambia ni za mbawala tu. Hakuniamini. Amebeba vifuko viwili.