Ghala la mizinga la Dresden na kabari iliyolipasua

Mjini Dresden, mashariki mwa Ujerumani, kuna jengo refu la mawe lililojengwa kati ya 1873 na 1876 liwe ghala kuu la silaha la jeshi la Saxony, ufalme wa zamani ndani ya Ujerumani. Leo ni makumbusho ya historia ya kijeshi, chini ya jeshi la Ujerumani lenyewe, Bundeswehr. Ukisimama mbele yake unaona nguzo na madirisha yaliyopangwa kwa mizani, kulia sawa na kushoto, kisha kabari ya zege, chuma na kioo iliyochomoza katikati ya ule mpangilio na kuuvuruga. Urefu wake unakaribia mita 30. Aliyeibuni ni Daniel Libeskind, msanifu majengo aliyezaliwa Poland, mtoto wa Wayahudi walionusurika maangamizi ya Wanazi. Makumbusho yalifunguliwa upya Oktoba 2011, na ubishi juu ya kabari hiyo upo hadi leo.

Wanaoipinga hawapingi kwa sababu tu ni ya kisasa. Dresden iliteketezwa kwa mabomu ya Waingereza na Wamarekani kuanzia usiku wa tarehe 13 Februari 1945. Tume ya wanahistoria ilihitimisha mwaka 2010 kwamba waliouawa hawazidi 25,000. Ghala hili, kwa kuwa liko nje ya kitovu cha mji, lilinusurika. Wakazi wametumia miongo mingi kurudishia majengo yao jiwe kwa jiwe. Kuchukua moja ya yale machache yaliyobaki salama na kulichana kwa makusudi, kwao ni kuongeza jeraha. Hoja hii ina uzito, na wanaoikejeli kama ushamba wanakosea.

Hata hivyo naona Libeskind alifanya sawa, na sababu yangu iko katika historia ya jengo lenyewe. Silaha zilianza kuonyeshwa humo 1897, enzi za ufalme. Wakaja Wanazi, nao wakawa na makumbusho yao ya kijeshi humohumo. Ujerumani Mashariki ikaweka humo makumbusho ya jeshi lake mwaka 1972. Baada ya 1990 likaingia mikononi mwa Bundeswehr. Tawala nne zimepokezana kuta zilezile, na kila moja ilikuwa na simulizi yake kuhusu nani shujaa na nani adui. Sura ile ya heshima, yenye nguzo na mizani, ilimtumikia kila aliyeingia. Kama ingeachwa bila kuguswa, mgeni angeingia akiwa tayari ameambiwa na jengo kwamba vita ni jambo tukufu. Hapo kipasuko kinafanya kazi ambayo hakuna kibao cha maelezo kingeweza kuifanya.

Kuna pingamizi jingine linalonisumbua zaidi. Ncha ya kabari imeelekezwa upande ambako mabomu ya kwanza ya usiku ule yaliangukia. Katika mji ambao wafuasi wa siasa kali za kulia wamekuwa wakiandamana kila Februari kujililia kama wahanga, ishara hiyo inaweza kusomwa vibaya: kwamba hadithi inaanza 1945, moto uliposhuka kutoka angani. Makumbusho yamelijibu hilo ndani. Katika orofa ya juu ya kabari yamewekwa mawe ya barabarani kutoka miji mitatu: Wieluń ya Poland, iliyoshambuliwa na ndege za Ujerumani alfajiri ya tarehe 1 Septemba 1939, Rotterdam ya Uholanzi, Mei 1940, na mwisho Dresden. Mpangilio huo wa tarehe unatosha.

Vivyo hivyo roketi ya V-2, silaha ya Wanazi iliyorushwa hata London, yenye urefu wa mita 14, imesimamishwa wima ndani ya kabari ikipita orofa zaidi ya moja. Peke yake ingekuwa kivutio cha wapenda mitambo. Lakini imewekwa pamoja na nyumba ya mwanasesere iliyokuwa ya mtoto wa London, ambaye alizitia giza hata zile dirisha ndogo, kama watu wazima walivyofanya ili ndege za adui zisione taa. Roketi hizo ziliundwa na wafungwa wa kambi ya mateso ya Wanazi ya Mittelbau-Dora, na waliokufa katika kazi hiyo ni wengi kuliko waliouawa zilipolipuka. Mtu akishajua hayo, hawezi tena kuitazama V-2 kama chombo kizuri tu cha kihandisi.

Tatizo langu liko katika mabawa ya zamani. Maonyesho ya kabari yamepangwa kwa mada, ilhali mabawa yanafuata mtiririko wa miaka: huko utakuta Faule Magd, mzinga mkubwa wa karne ya 15, na Brandtaucher, nyambizi ya 1850 iliyozama katika bandari ya Kiel mwaka uliofuata. Ni vitu adimu, na vinastahili kutunzwa. Ila mgeni anayependa silaha anaweza kukaa upande huo, akaridhika, akaondoka bila kukanyaga ndani ya kabari. Kipasuko cha ukutani hakimfikii.

Wengine hudai kwamba jeshi halifai kabisa kusimamia kumbukumbu za vita vyake. Sikubaliani nao moja kwa moja. Makumbusho ya mizinga ya Woolwich, London, yaliyowekwa katika majengo ya karakana ya kale ya silaha, yalifunguliwa 2001 na kufungwa 2016; kupata jengo la kihistoria si sawa na kupata fedha za kuliendesha kwa miaka mingi. Bundeswehr inazo, na wanajeshi wake wenyewe ni miongoni mwa wanaopaswa kuiona ile nyumba ya mwanasesere. Ninachowadai wasimamizi ni kwamba Faule Magd nayo iwekewe pembeni kitu cha watu waliokuwa ndani ya kuta ilizotengenezwa kuzibomoa.