Ukichagua chuo cha uhandisi, anzia karakana

Matokeo yakitoka, kuanzia Mbeya hadi Njombe wazazi wanaulizana chuo kipi kina jina, na mara nyingi jina lenyewe liko Dar es Salaam. Kwa maoni yangu jina lije mwisho. Kwanza njia ya kuingilia, diploma au kidato cha sita, kisha karakana.

Kijana wa kidato cha nne aliyefaulu hisabati, fizikia na kemia hana haja ya kuona diploma kama adhabu. Diploma ni miaka 3, na akimaliza tayari ni fundi sanifu anayeajirika. Akipata wastani wa alama (GPA) wa 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada ya miaka 4. Jumla ni miaka 7, huku anayepitia kidato cha tano na sita kwa mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) anatumia 6. Tofauti ni mwaka mmoja tu! Kama shule aliyopangiwa kidato cha tano haina mwalimu wa fizikia, mimi ningempeleka diploma bila kusita.

Kwa kidato cha sita kima cha chini cha kuingia shahada ni pointi 4.0 kwenye masomo mawili, na uhandisi kwa kawaida unadai hisabati ya juu na fizikia. D mbili zinafikisha 4. D na E ni 3, hapo mlango umefungwa. Kozi zenye waombaji wengi hupanda juu ya hapo, kwa hiyo mwenye D mbili asijaze umeme peke yake.

Kwa Nyanda za Juu Kusini, jina la kwanza ni MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pale Iyunga. Kilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, kikawa chuo kikuu mwaka 2012. Mkwawa ya Iringa ni ya ualimu, ingawa kila mwaka kuna wanaoiulizia uhandisi.

Chuo chochote unachokifikiria, nenda siku ya masomo, siyo siku ya maonesho. Ingia karakana uhesabu: mashine ya kukereza vyuma moja, wanafunzi wangapi? Wakiwa 15 na mmoja ndiye anayekata, 14 wanajifunza kutazama. Kwa ujenzi, uliza nani anatengeneza michemraba ya zege ya milimita 150 inayovunjwa siku ya 7 na ya 28 kupima nguvu ya zege. Ikiwa ni fundi wa maabara na wanafunzi wananakili namba, kijana atafika saiti hajui kushindilia zege kwenye kibati cha kuumbia mchemraba, na mchemraba wenye matundu ya hewa utampa majibu ya uongo. Kwa umeme, tafuta mota ya fezi tatu ambayo wanafunzi wenyewe wanaifunga nyaya na kuiwasha. Mashine iliyofunikwa turubai isihesabiwe.

Uliza pia fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Chuo kisichomsaidia mwanafunzi kupata nafasi TANROADS, TANESCO, TAZARA au viwanda vya chai vya Mufindi kinamwachia mzazi kazi hiyo.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha kozi yenyewe, siyo chuo tu, inatambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Bila hivyo mhitimu hasajiliwi, na mafunzo ya SEAP, yaani ya kazini kwa wahandisi wahitimu, ya miaka 3 kuelekea uhandisi mtaalamu hayapati.

Akichaguliwa shahada vyuo viwili au zaidi, atatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha kimoja. Basi fomu ijazwe kwa laini yake mwenyewe, siyo ya mwenye steshenari.