Simu kutoiamsha apu yako kila netiweki ikirudi sio uonevu

Ukikaa na vijana wa Tanga wanaotengeneza apu za Android, hasa hizi za kukusanyia taarifa vijijini, haipiti muda utasikia lawama ileile: Google wametufunga mikono, zamani apu ilikuwa inajua netiweki imerudi hata kama mtu ameifunga, siku hizi haiambiwi kitu. Na hawasemi uongo. Zamani ulikuwa unaandika CONNECTIVITY_ACTION, tangazo la mfumo kwamba netiweki imebadilika, kwenye manifesti (faili la maelezo ya apu) basi, netiweki ikibadilika simu yenyewe inaiamsha apu yako. Android 6.0 ikaleta Doze, simu ikikaa mezani muda bila kuguswa na haipo kwenye chaji inakata data kwa apu zilizolala na kuzifungulia kwa vipindi tu. Mwaka 2016 ikaja 7.0 ikaondoa ule mwamsho kwa apu zinazolenga toleo hilo na kuendelea, halafu 8.0 ikabana na zile sevisi za nyuma ya pazia, yaani kazi ambazo apu inaendelea kuzifanya mtumiaji akiwa haioni.

Ila sababu ya Google sisi wa mkoa huu ndo tulitakiwa tuwe wa kwanza kuielewa. Panda gari la Muheza kwenda Amani, au lile la kutoka Mombo kupanda Lushoto, halafu angalia tu juu ya kioo vile vijiti vya netiweki, kona hii vipo kona ile hamna. Kila badiliko lile lilikuwa linaamsha kila apu iliyojiandikisha, zote kwa mkupuo, kama abiria wa stendi wakisikia gari moja tu ndo limefika, zinagombania memori na betri na nyingi hazina hata kitu cha kutuma.

Tuache betri. Hiyo habari ya "netiweki ipo" tunayoililia yenyewe ni dhaifu kuliko tunavyodhani. Chukua apu ya karani wa kituo cha kukusanyia maziwa, asubuhi wafugaji wanaleta, anapima anaandika lita, akipata netiweki zipande seva. Sasa bando limeisha usiku. Simu inaonyesha 4G safi kabisa, apu inaambiwa umeunganishwa, inatuma, hakuna kinachoenda. Android wana alama ya kutofautisha haya mambo, NET_CAPABILITY_VALIDATED, maana yake simu ilijaribu ikafika intaneti kweli, lakini ni kipimo cha pale ilipopima, hakikuahidi kwamba lita zako zitafika dakika mbili baadae.

Halafu kuna mtego wa onLost ambao naona unawakamata wengi. Mtu anasajili registerNetworkCallback, yaani anaomba apu iliyo wazi iambiwe netiweki zikija na kuondoka, anaweka onAvailable (netiweki imepatikana) iseme ndio, onLost (netiweki imepotea) iseme hapana. Karani anatoka ofisini kwenye waifai, simu inahamia data, onAvailable ya data inakuja kwanza, onLost ya waifai inafuata, apu inaandika "hakuna mtandao" na mtandao upo! Ukitumia registerDefaultNetworkCallback, inayofuata ile netiweki moja tu simu inayoitumia wakati huo, hilo linapungua. Na kama apu imefunguliwa netiweki hamna toka mwanzo, usikae unasubiri onLost, haiji, maana hakuna kilichopotea.

Hata ukikwepa yote hayo, lipo hili ambalo mimi ndo linaninyima raha. Karani katuma lita 12 za mama mmoja, seva imepokea imeandika, netiweki ikakata kabla jibu halijarudi. Apu inadhani haijafika. Netiweki ikirudi inatuma tena, mama ana lita 24. Mwisho wa mwezi hesabu ya malipo haikai, na anayeonekana mwizi ni karani, sio aliyeandika programu. Na kadiri apu yako inavyokimbilia kutuma kila ikisikia netiweki, ndo kadiri unavyotuma kwenye zile sekunde mbovu za ukingoni mwa mnara ambako haya yanatokea zaidi. Dawa yake haihusiani kabisa na kugundua netiweki, kila rekodi ipewe namba yake ya pekee palepale kwenye simu, seva ikiiona mara ya pili ijibu "ninayo" bila kuandika upya.

Ndo maana naona WorkManager, zana ya Android ya kupangia kazi za nyuma, inaonewa. Kazi unamkabidhi mfumo, unamwambia ifanyike netiweki ikiwepo, hata simu ikizimwa na kuwashwa kazi bado ipo. Watu wanasema "inachelewesha dakika 15". Hapana, dakika 15 ni kiwango cha chini cha kazi za kujirudia, kazi ya mara moja yenye sharti la netiweki haina kungoja huko, ikipata netiweki na simu haipo kwenye Doze inaenda.

Upande wa pili wana lao la haki. Kazi ikifeli WorkManager inasubiri sekunde 30, halafu dakika 1, halafu 2, inaongezeka maradufu mpaka kikomo cha masaa 5, kwahiyo karani aliyehangaika asubuhi nzima kwenye netiweki mbovu anaweza kufika mjini 4G imejaa na kazi bado imekaa foleni. Hapo akifungua apu iweke kazi upya kwa REPLACE, yaani ile ya zamani ifutwe mpya ichukue nafasi, lakini lazima mtu aikumbuke hiyo. Na kama unafuatilia boti ya Sahare ikiwa baharini, au bodaboda ina mzigo, wanaohitaji kujua wanataka sasa hivi, weka sevisi ya mbele, ile inayoendelea kufanya kazi mtumiaji akiiona kwenye notifikesheni, na usikilize netiweki mwenyewe, sina ubishi.

Ninachobishana nacho ni kuiweka hiyo sevisi kwa ajili ya lita za maziwa. Kwa apu zinazolenga Android 15 na kuendelea, sevisi ya mbele ya aina ya dataSync (ya kutuma na kupokea data) imepewa masaa 6 tu ndani ya masaa 24 apu ikiwa nyuma, toka Android 13 mtumiaji anaweza kuizima kwa kubonyeza tu, na zipo simu za bei nafuu zinazoua chochote kilichoko nyuma bila kuuliza, hizo WorkManager nayo haiponi mpaka karani aingie kwenye setingi za betri airuhusu apu.