Star Fox 2 ulikuwa umekamilika

Madai ya mwandishi wa makala mliyochapisha kwamba mchezo wa video wa Star Fox 2 haukutolewa mwaka 1995 kwa kuwa ulikuwa haujakamilika si sahihi, na yanawanyima haki yao wataalamu wa kampuni ya Argonaut Software walioutengeneza pamoja na Nintendo. Mchezo ulikuwa umekwisha, na Dylan Cuthbert, mmoja wa waandaaji programu wake wakuu, amelieleza hilo hadharani. Kilichouzuia ni hesabu za biashara: mashine za michezo za PlayStation na Saturn zilikuwa zimeshaingia sokoni zikiwa na picha za pande tatu ambazo Super Nintendo, mashine ambayo mchezo huu ulitengenezewa, hata ikisaidiwa na chipu ya Super FX 2 ndani ya kaseti, isingezifikia, na mashine mpya ya Nintendo 64 ilikuwa njiani. Mwaka 2017 Nintendo yenyewe iliutoa ndani ya toleo dogo la Super Nintendo. Michezo mingine ambayo haikutolewa haina bahati hiyo, kwa sababu kaseti nyingi za majaribio, zilizobeba mchezo kabla ya kutolewa, ziliandikwa kwenye chipu za kumbukumbu za EPROM, zenye kidirisha cha kioo ambacho mwanga wa urujuanimno ukipenya hufuta kila kitu. Nimewahi kushika moja ambayo stika ya kukiziba ilikuwa imebanduka, na hata zilizozibwa vizuri chaji yake huvuja taratibu kadiri miongo inavyopita. Mkusanyaji anayeifungia kabatini kaseti ya pekee bila kuinakili anauacha mchezo ufe. Je, wasomaji wenzangu, mwenye kaseti ya namna hiyo ana wajibu wowote kwetu, au ni mali yake aifanyie apendavyo?