Fidia bila kukiri kosa

Nchini Marekani, mtu anayedai kuumizwa na chanjo ya mafua au za utotoni haanzi kwa kuishtaki kampuni iliyoitengeneza. Sheria ya 1986 inamtaka apitie kwanza mfuko maalumu wa fidia, unaotunishwa na kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi. Mdaiwa ni serikali.

Takriban asilimia 60 ya fidia hutolewa kwa mapatano, si kwa hukumu. Hapo ndipo penye uchungu. Hati ya mapatano hueleza kwamba serikali inakana kuwa chanjo ndiyo iliyoleta madhara, kisha aya chache chini yake hutaja kiasi itakacholipa. Mama aliyemuuguza mwanawe miaka mingi hutia sahihi karatasi hiyohiyo.

Wanaoyatetea mapatano wana hoja nzito. Sindano ikichomwa juu mno begani, mtu anaweza kushindwa hata kuinua mkono avae shati. Huyo anahitaji pesa za mazoezi ya viungo sasa, si baada ya kuvutana kwa miaka. Tena yapo maradhi ambayo sayansi haijaweza kusema kwa hakika yametokana na nini kwa mgonjwa huyu mmoja. Kesi ikifika kwenye hukumu, huenda akatoka mikono mitupu. Ndiyo maana wengi huona heri nusu shari kuliko shari kamili. Na ada za wakili hazimsukumi kukubali haraka, kwa kuwa mfuko huzilipa hata akishindwa, mradi dai lililetwa kwa nia njema na lina msingi.

Lakini suluhu ya namna hii huacha swali wazi. Wapinga chanjo huihesabu kuwa ushahidi, ilhali hakuna kilichothibitishwa. Aliyeumia kweli naye hapati neno la kukiriwa. Isitoshe, fidia ya maumivu ina ukomo wa dola 250,000, uleule tangu 1986.

Kwa bega, ningeshauri mtu apatane. Kwa mtoto atakayehitaji kutunzwa maisha yake yote, ningesita, maana pesa zikiisha hakuna kurudi kudai tena. Kabla ya sahihi ningetaka kuona hesabu ya matunzo hadi atakapofika miaka 50: mshahara wa mlezi kila mwezi, dawa, na viti vya magurudumu vitakavyochakaa kimoja baada ya kingine.