Kidonda cha mtu wa chukudu

Mtu mmoja wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, pale Birere mjini Goma alinionyesha goti lake. Jiwe la lava lilimchana, na siku ya tano pembeni pamekuwa pekundu, katikati usaha. Jirani yake alishapata jibu: "Ni hewa ya huku juu. Oksijeni ni kidogo, mwili hauna nguvu ya kupigana."

Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kweli kila pumzi hapa ina oksijeni pungufu kwa takriban moja ya sita kuliko Mombasa. Lakini mtu mzima mwenye afya, ukimbana kidoleni kile kipimo cha oksijeni ya damu, kwa kawaida bado anasoma asilimia 95 au zaidi. Mwinuko nauachia huru. (Mazuku ni habari nyingine kabisa: ile hewa inayotuama mabondeni huua kwa dakika, kabla kinga haijaulizwa chochote.)

Upungufu wenyewe uko gotini. Mishipa imekatika, nyama imevimba, na ndani ya usaha oksijeni hukaribia kwisha. Je, hapo chembe nyeupe za damu, askari wa kinga, zinazimika?

Hazizimiki. Neutrofili, chembe nyeupe zinazowahi kufika, hupata nguvu zake kwa kuvunja sukari bila oksijeni. Tena kuna protini, HIF-1, ambayo oksijeni ikitosha huharibiwa upesi. Ikipungua, inadumu na kuwasha jeni nyingi. Neutrofili huishi zaidi, makrofaji, chembe nyeupe zinazomeza vijidudu, huwa kali. Wanasayansi Kaelin, Ratcliffe na Semenza walipata Nobel mwaka 2019 kwa kufumbua jinsi seli zinavyohisi oksijeni.

Ila kuishi si kuua. Sumu kali ambayo neutrofili huitumia kuulia bakteria hutengenezwa kwa oksijeni yenyewe. Ikikosekana, ni makala, yaani makaa, yaliyojaa kwenye mbabula iliyofunikwa: yapo, hayawaki. Na neutrofili zikikaa sana zinamwaga vimeng'enya vinavyotafuna nyama yenye afya. Kwenye saratani mambo ni mabaya zaidi, kwani HIF-1 hiyohiyo husaidia uvimbe kuzituliza seli T, chembe nyeupe zinazoua seli za saratani.

Kwa hiyo mimi naona upungufu wa siku ya kwanza ni kengele, wa siku ya tano ni mzigo. Yule bwana alikuwa amefunga goti kwa kitambaa kilichokaza hadi ngozi ikaacha alama, na sigara iko mdomoni, moshi wake ukizidi kuinyima damu oksijeni. Muuguzi alikata kitambaa, akapasua, akakamua usaha. Sigara akaiomba pia.